Kinamasi Kilipofungwa

Nyati walikuwa wamezama hadi shingoni Adero alipofika kinamasini. Pembe zao zilizopinda kwenda nyuma zilitokeza juu ya tope kama mizizi ya mti uliong'olewa, na katikati ya pembe hizo midomo ilikuwa ikitafuna bila haraka. Matete machache yaliyokuwa yamebaki yalikuwa yameliwa hadi usawa wa maji. Geti la seng'enge, ambalo jana jioni lilifungwa mbele ya macho yake, lilikuwa wazi, na mnyororo wake ulining'inia kwenye nguzo ukichezacheza na upepo wa asubuhi.

Kiptum, mlinzi wa usiku, alisimama ukingoni. Tochi ilikuwa bado inawaka mkononi mwake ingawa jua lilikuwa limeshachomoza upande wa Dundori.

"Mathe, mimi sijafungua hii geti," alisema kabla hajasalimiwa. "Naapa. Nilienda juu kuangalia store ya nyasi, kurudi hivi nikapata wako ndani."

"Uliona mtu?"

"Hakuna mtu. Hata mbwa haikubweka."

Adero aligeukia kundi. Alishuka na gambuti zake hadi pale ardhi ilipoanza kubonyea, akaita kwa sauti nyembamba iliyozoeleka. Kichwa kikubwa kuliko vyote kiligeuka. Huyo ndiye Shosho, nyati jike mzee kuliko wote shambani, aliyekatika ncha ya sikio moja. Alijivuta kutoka topeni akitiririkwa na maji meusi, akapita mbele ya Adero bila kumtazama, na wengine wakamfuata mmoja mmoja kama uzi unavyofuata sindano. Nyuma yao kinamasi kilibaki kimevurugwa, na tope likaanza safari yake ya kuteremka na kijito.

Huko chini, kwenye bomba lililotega maji ya kijito hicho, sauti ya mwanamke ilipanda.

"Mama Kimberly! Leo tena tutakunywa mkojo wa hao wanyama wenu?"

Alikuwa Truphosa, jirani yake. Adero aliinua mkono kumwonyesha kwamba amesikia. Yeye mwenyewe aliishi huko chini, na dumu lake lilikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Kila jioni aliyaacha maji yatulie kwenye sufuria mpaka tope likae chini, ndipo achote ya juu achemshe.

Nyati hawa si wale mbogo wa mbugani ambao watu wa Nakuru huwatazama kwa mbali wakiwa ndani ya magari. Walikuwa nyati wa maji, wa kufugwa, weusi na wapole, walioletwa na Daktari Kosgei kutoka ng'ambo alipostaafu kazi ya kutibu mifugo. Mwanzoni wapita njia walikuwa wakivuka barabara kwa hofu wakiwaona. Siku hizi makondakta waliliita lango la shamba "stage ya mbogo," na maziwa ya nyati hao, mazito na meupe kupindukia, yaligeuzwa jibini ya kuuzwa kwenye mahoteli ya mjini.

Daktari Kosgei alifika na pikapu kabla nyati hawajamaliza kukaukiwa na tope. Pamoja naye alikuwa Chelimo, msimamizi wa malisho, msichana mrefu asiyesema sana. Chelimo alipitiliza moja kwa moja hadi ukingoni, akachuchumaa, akang'oa shina la tete na kuligeuzageuza.

"Wamekula mpaka chini kabisa," alisema. "Hii mizizi ikikufa, hakuna kitu itashika udongo. Mvua ikinyesha, tope yote inaingia kwa chemchemi."

Kosgei hakuwa akitazama mizizi. Alikuwa akimtazama Kiptum.

"Geti haijifungui, kijana."

"Sio mimi, Daktari."

"Basi ni nani? Kuna mtu unamfungulia alishe ng'ombe zake hapa usiku? Niambie tu."

"Hakuna, Daktari. Watoto wangu wako Kuresoi wananingojea, nitafanyaje mambo kama hayo?"

"Nikikuta hivi tena, utawafuata huko Kuresoi." Aliusema usemi huo bila kupandisha sauti, kisha akarudi garini.

Mpango wa kukipumzisha kinamasi ulikuwa wa Chelimo, na hakuna aliyeupinga, hata Adero. Mlima ulikatwa vipande kwa nyaya, kundi likawa linahamishwa kutoka kipande hadi kipande ili nyasi zipate nafasi ya kuchipua. Karibu na migunga ya juu lilichimbwa shimo pana likajazwa maji, nyati wapate tope la kugaagaa, maana ngozi yao nyeusi haistahimili jua. Nyasi kavu na mabua ya mahindi yalishushwa kutoka Dundori yakarundikwa ghalani. Kinamasi kilifungwa mpaka matete yarudi. Adero alikumbuka zamani matete hayo yalipokuwa yakimfunika mtu aliyeinua mkono. Sasa mayungiyungi yalikuwa yamekwisha, ndago zilikuwa zimekwisha, na chemchemi yenyewe ilikuwa inatoa maji kwa kusitasita.

Lakini nyati hasomi mpango wa mtu. Wakati wa masika walibaki mlimani wenyewe, wakichagua nyasi fupi laini na kudharau zile zilizokomaa. Mvua zikiisha waliteremka kidogo, wakila vichipukizi vya vichakani na magome ya migunga michanga. Halafu vumbi lilipoanza kupanda kutoka upande wa ziwa, na nyasi zikawa ngumu kama waya, ilifika asubuhi moja ambapo Shosho aliacha kula. Aliinua pua, akaielekeza chini bondeni, akasimama hivyo kwa muda mrefu. Kesho yake kundi zima lilikuwa nyuma yake kwenye geti. Ndivyo ilivyokuwa mwaka baada ya mwaka. Kinamasi kilikuwa chakula cha kiangazi, na Shosho ndiye aliyejua lini kiangazi kimeanza kweli.

Adero naye alikuwa na yake na Shosho. Babu yake aliletwa Nakuru na reli, na yeye alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, mahali ambapo mfugo mkubwa kabisa ulikuwa kuku. Alifuma mablanketi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa. Alikuja hapa kuosha mitungi ya maziwa. Wakati huo Shosho alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza, na hakuna mkamuaji aliyepata kitu kwake zaidi ya mateke. Waliimba, walimpa molasi, walimletea ndama. Siku moja Adero alipita na ndoo akighuna wimbo usio na maneno, ule aliokuwa akiughuna kiwandani ili mkono uende sawa na mashine. Maziwa yakaanza kudondoka yenyewe. Mkamuaji aligeuka akamtazama kama mtu aliyeona mchawi. Tangu siku hiyo Adero hakuosha mitungi tena. Kwa kazi ya kukamua alimlea Kimberly, binti yake, peke yake, akamsomesha mpaka akamaliza chuo cha ususi mjini.

Sasa kiwele cha Shosho kilikuwa kimenywea, na mimba ilikuwa imekataa kushika. Kosgei alimwacha kwa sababu wengine hawakwenda popote bila yeye.

Siku iliyofuata ile ya karipio, Adero alitoka nyumbani majogoo ya kwanza. Hakujua hasa anakwenda kutafuta nini. Alisimama nyuma ya kichaka cha leleshwa, harufu yake kali ikimwingia kooni, akaona tochi ya Kiptum ikitembea mbali juu kwenye ghala. Mlinzi alikuwa kazini kwake.

Shosho alikuja peke yake. Alitembea kama anayekwenda mahali pa kawaida. Alifika getini, akainamisha kichwa upande mmoja, akaingiza ncha ya pembe chini ya mnyororo na kuuinua kutoka kwenye kulabu. Ulianguka. Akalisukuma geti kwa paji la uso, taratibu, likafunguka bila kelele. Kisha akasogea kando akangoja wenzake.

Adero alitoka kichakani. Waliangaliana. Hakukuwa na kitu chochote katika macho ya yule mnyama, si aibu wala hofu, ila ule ubichi wa macho ya nyati ambao humfanya mtu adhani ameulizwa swali. Adero alilivuta geti, akalifunga, akaokota kipande cha waya akauzungusha mnyororo mpaka vidole vikamuuma.

"Rudi," alisema. "Rudi juu. Utaniponza."

Shosho alirudi.

Alipokutana na Kiptum njiani, kijana alikuwa anatabasamu. "Leo hakuna shida, mathe. Wametulia."

"Mungu ni mwema," Adero alisema, na neno likamkaa mdomoni vibaya. Alijua angemwambia nini. Alijua pia Kosgei angefanya nini akisikia, kwani hakuna shamba jingine karibu ambalo lingemchukua nyati mzee asiyezaa. Alijiambia kwamba geti likifungwa vizuri, basi hakuna la kusemwa.

Jua lilizidi. Shosho aliyanusa mabua ya Dundori akayaacha. Alizunguka kandokando ya ua kutwa nzima, na wengine wakazunguka nyuma yake, wakakanyaga nyasi walizopaswa kula. Maziwa yalipungua. Chelimo alisimama akiwatazama, miwani yake imejaa vumbi.

"Anatafuta nini, Mama Kimberly?"

"Ni wakati wake wa kushuka, madam."

"Shimo la juu liko na maji."

"Liko. Lakini anajua hili la chini."

Chelimo aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu aliyokuwa ameshaifanya.

Geti halikufunguliwa tena. Ua ulikuwa unavuka mkondo mkavu upande wa mashariki, na hapo waya wa chini ulikuwa unaning'inia. Asubuhi moja Shosho aliupita kwa kuuinua mgongoni, nguzo mbili zikalala, na kundi likateremka.

Adero alisikia kelele akiwa bado mbali. Alikimbia. Kiptum alikuwa ndani ya tope hadi kifuani, pale karibu na chemchemi ambapo udongo mpya haukuwa na kitu cha kuushika, na mikono yake miwili ilikuwa imeinua pua ya ndama. Ni pua tu iliyokuwa inaonekana. Mama wa ndama alikuwa akizunguka na kulia. Shosho alikuwa mbele zaidi, anatafuta matete yasiyokuwepo.

"Kamba, mathe! Leta kamba!"

Pikapu ilifika na Kosgei na Chelimo. Chelimo aliingia topeni na nguo zake za kazi, akaipitisha kamba chini ya tumbo la ndama kwa kupapasa, akatema maji, akapapasa tena. Gari lilivuta. Ndama alitoka kwa sauti kama ya kizibo, akiwa hai. Adero alimfuta puani kwa leso yake. Ndama alisimama, miguu yake ikitetemeka, akapiga hatua kumwelekea mama yake. Kisha akalala ubavu, tumbo likapanda na kushuka, likapanda. Likashuka kidogo, halikupanda tena.

Mama yake alikuja akamlamba tope mgongoni.

Kosgei aliivua kofia yake akaivaa tena. "Kiptum," alisema, "nenda uchukue vitu zako."

Kiptum alikuwa akijitoa tope masikioni kwa kidole. Labda hakusikia, labda alisikia vizuri sana.

"Daktari, si yeye," Adero alisema.

"Mama Kimberly, wacha hii maneno."

"Si yeye. Ni Shosho. Lile geti alikuwa anafungua mwenyewe, anainua mnyororo na pembe. Nilimwona. Nikalifunga na waya, nikanyamaza."

"Ulimwona lini?"

"Ile siku baada ya wewe kumgombeza huyu."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Kiptum aliacha sikio lake. Alimtazama Adero kwa uso uliopakwa tope wote, macho tu ndiyo yakionekana, na Adero hakuweza kujua yanasema nini. Angependa yawe na hasira. Hasira angejua namna ya kuipokea.

Kosgei alimtazama ndama. Alikuwa amezalisha wanyama wengi maishani mwake na kuzika wengi vilevile. "Nendeni muoge," alisema mwishowe. "Nyinyi wote wawili."

Jioni Adero alimkuta Chelimo kwenye chumba cha maziwa.

"Madam, tukimfungia Shosho peke yake?"

"Tulijaribu na lile dume, unakumbuka? Lilikataa kula. Lililia mpaka hawa wengine nao wakaacha kula." Chelimo alivuta kigoda akaketi, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. "Tukimwacha, wote wako nyuma yake. Hawa wadogo nao wanajifunza. Mimi sisemi ni mnyama mbaya, Mama Kimberly. Anafanya vile amefanya maisha yake yote. Ni mahali ndiyo imebadilika."

Adero aliendelea kuosha ndoo. Asubuhi hiyo, kabla ya yote, alikuwa amechota maji ya rangi ya chai. Alilifikiria jambo hilo na hakupata pa kulipinga.

"Nani atampakia kwenye lori la kichinjioni?" aliuliza.

Chelimo aliitazama mikono ya Adero iliyokuwa ndani ya ndoo.

Lori lilikuja asubuhi, kukiwa bado na ubaridi, kama Adero alivyoomba. Dereva alikuwa na vijana wawili wa kichinjioni, wenye fimbo na kamba. Waliweka mbao za kupandia, wakamzunguka Shosho, na Shosho akaikita miguu yake minne ardhini kama mti. Kijana mmoja aliushika mkia wake akaanza kuukunja.

"Achilia mkia," Adero alisema. "Wekeni hizo fimbo chini. Mkae upande ule, asiwaone."

"Mathe, hii kitu ni kubwa, itakuumiza."

"Kaeni upande ule."

Walikaa. Adero alipanda mbao yeye kwanza, akiwa amempa mnyama mgongo, akighuna. Hakugeuka. Ndani ya lori mlinuka wanyama wengine, na sakafu ilikuwa imemwagiwa mchanga. Alifika mwisho, akashika vyuma vya mbele, akaendelea kughuna, na akasikia mbao zikilia chini ya uzito. Pumzi ya moto ilimgusa shingoni. Hapo ndipo alipogeuka. Aliweka kiganja chini ya taya, pale manyoya yanapojizungusha, akakiacha hapo kwa muda ambao dereva aliona ni mrefu, kwa sababu alikohoa.

Adero aliteremka kwa mlango mdogo wa ubavuni na kuusukuma mwenyewe mpaka komeo likaingia.

"Kazi safi, mathe," dereva alisema.

Lori lilipanda kuelekea barabara kuu. Adero aliingia kwenye chumba cha maziwa akaanza kuosha mitungi, ingawa ilikuwa imekwisha kuoshwa na mwingine.

Jioni Kimberly alipiga simu kutoka saluni.

"Mum, nimesikia. Si ungekataa? Si wangepata mtu mwingine?"

"Wangepata. Wangempiga."

Nyuma ya Kimberly mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma. "Umekula?"

"Nitakula."

Siku zilizofuata kundi lilisimama kwenye geti la chini kila asubuhi, likalia. Halikujaribu kulifungua. Maziwa nusura yakatike kabisa, na Adero aliwakamua mmoja mmoja kwa saburi, akipata kidogo, akimwacha kila mmoja mapema. Polepole wakaanza kula mabua. Mmoja akagundua shimo la tope la juu, akalala humo mchana kutwa, na wengine wakagombania nafasi.

Kiptum hakusema lolote kuhusu ile asubuhi. Lakini kila Adero alipofika kazini alikuta moto umewashwa na maji ya kuoshea viwele yamepata moto, kazi ambayo haikuwa ya mlinzi. Siku moja alimkuta bado anachochea kuni.

"Mathe, kwa hakika ungenyamaza tu, mimi ningeenda."

"Najua."

"Sasa mbona uliongea?"

Adero alichovya kidole majini kupima. "Yamekuwa moto sana haya. Yapunguzie."

Kiptum aliyaongezea ya baridi, wakabeba ndoo pamoja, kila mmoja akishika upande wake wa mshikio.

Mvua ilianzia Dundori, ikateremka mteremko mzima kwa mchana mmoja. Chelimo alikesha na wasiwasi wa tope. Kulipokucha alishuka kinamasini na kurudi akisema vichipukizi vya matete vimetokeza, vyembamba kama sindano, na kwamba havijang'oka. Huko chini kwenye bomba Truphosa alilichungulia dumu lake, akamtazama Adero, akalichungulia tena.

"Angalau leo naona chini," alisema, akajitwika.

Asubuhi ya kwanza isiyo na mvua Chelimo alifungua kipande cha juu kabisa cha mlima, ambacho hakijalishwa tangu mwaka uanze. Nyasi zilikuwa changa, zimelowa. Nyati walitoka zizini wakafika pale njia inapogawanyika, wakasimama. Aliyekuwa mbele alirudi nyuma. Aliyesukumwa mbele akasogea kando. Walisongamana, pembe zikigongana kwa sauti ya vijiti, na hakuna aliyetoka kwenye msongamano. Yangeyange, ndege weupe waliokuwa wakiwafuata, walipaa, wakazunguka juu yao, mmoja akashuka juu ya mgongo mmoja, hakupenda, akarukia mwingine.

Adero alikuwa nyuma ya kundi na fimbo imelazwa mabegani. Kiptum, aliyekuwa anakwenda zake kulala, alisimama pia.

"Utawaita, mathe?"

Adero alitikisa kichwa kukataa. Yule nyati aliyepoteza ndama alikuwa amenyanyua pua. Aliielekeza chini bondeni, halafu juu mlimani. Upepo uligeuka, ukaleta harufu ya majani mabichi, ukageuka tena. Yangeyange alitua kati ya pembe zake akakunja mbawa, na yule nyati, mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani, hakuwa bado ameukanyagisha.